Mwaka Niliowaandika Kuwa Hawana Kazi

Doto alinipigia simu Ijumaa asubuhi nikiwa ofisini Shinyanga, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama amepumzika. Hakutaja jina, alisema mama tu, nami nikajua ni Mama Kulwa, mwanamke niliyepanga kwake mwaka mmoja nilipokuwa na miaka ishirini na mitano, kwenye machimbo madogo ya dhahabu ng'ambo ya Ushirombo. Nilimwomba ruhusa mkuu wangu, nikapanda basi la Kahama saa sita mchana, na jioni nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wa msibani, tukichambua mchele. Mmoja wao, mwenye mvi pembeni mwa kilemba, alinitazama kwa muda mrefu kisha akauliza, "Wewe si ndiye Zuhura? Yule aliyeandika kwamba hatuna kazi?" Wanawake wote walicheka, hata Doto mwenyewe alicheka huku macho yakiwa mekundu kwa kulia. Nami nilicheka. Lakini usiku huo nililala nikiwa na aibu ileile ya zamani, na niliporudi Shinyanga nilianza kuandika habari za mwaka ule, kwa sababu ndio ulionifanya niwe mtu niliye leo, na kwa sababu kuna vijana ofisini kwangu wanaoniuliza kila mara kama masters ya sosholojia ina faida yoyote. Sijawahi kuwajibu kwa neno moja. Hawa hapa chini ndio walionijibu mimi.

Nilikuwa nimemaliza digrii ya kwanza ya sosholojia mwaka uliotangulia. Shirika moja lenye ofisi Kahama, ambalo siku hizi halipo tena, lilinipa mkataba wa mwaka mmoja wa kukusanya taarifa kwenye machimbo. Wakati huo Ushirombo ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Jina la machimbo yale sitalitaja, maana baadhi ya watu wangali wanaishi pale na wengine wameshakuwa waheshimiwa. Ukitoka Ushirombo ulipanda pikipiki katikati ya mashamba ya mihogo na vichuguu, ukivuka mto mkavu mara mbili, halafu ghafla ardhi ikawa nyeupe kwa vumbi la mawe na ukasikia mlio wa nyundo kutoka pande zote. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na fomu, nijue nani anaishi pale na anafanya nini, ili halmashauri na uongozi wa machimbo wapange upya matumizi ya eneo. Nilikuwa mtoto wa mjini, Mwislamu wa mtaa wa sokoni Shinyanga, niliyekua nikisema Kiswahili tu. Kisukuma nilikisikia cha salamu na cha sokoni. Niliona hilo si tatizo, kwa kuwa fomu yenyewe ilikuwa ya Kiswahili.

Mama Kulwa alinipa chumba cha pembeni. Kilikuwa na kuta za matofali mabichi, bati lisilo na dari, kitanda cha kamba na meza fupi iliyotengenezwa kwa mbao za kutegemeza mashimo. Dirisha lilikuwa moja, la ubao, na lilifunguka kwenye uwanja wa nyuma ambako ndiko alikopikia. Alikuwa mjane kutoka Kishapu, mrefu, mikono imekakamaa, na mchana kutwa alikuwa akiponda mawe pamoja na wanawake wenzake chini ya miti miwili ya mihale karibu na bwawa. Mapacha wake, Kulwa na Doto, walikuwa shule ya msingi. Asubuhi alinipa chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo ukivitafuna bila subira vinakuumiza meno. Mchana ulikuwa ugali wa udaga, unga wa mihogo iliyovundikwa, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga. Wiki ya kwanza nilikula kwa adabu. Wiki ya tatu nilikuwa nikikwangua sufuria. Wanawake wa kuponda walikuja kula pale mchana, wakaketi kwenye kivuli cha ukuta wangu, na mazungumzo yao yakaingia dirishani kwangu nikiwa najaza fomu, Kisukuma kwa wingi, Kiswahili kidogo, na Kisumbwa kwa wale wenyeji wa kule.

Barua ya chuo nilichokuwa nimeomba kabla ya kuja machimboni ilifika mwezi wa tatu wa mkataba. Niliichukua posta Kahama, nikaisoma nimesimama juani: nimekubaliwa kusoma masters ya sosholojia, nithibitishe kwa maandishi, pamoja na barua ya mapendekezo ya mwajiri, kabla ya mwisho wa Mei. Msimamizi wangu, Bwana Lugembe, alikuwa mtu mzima mpole, shati lake limepigwa pasi hata kwenye vumbi. Alikuja machimboni kila baada ya wiki mbili kuchukua fomu. Nilipomwonyesha barua aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri kuliko nilivyokuwa nimeikunja mimi.

"Hongera," alisema. "Lakini niambie kitu kimoja, binti. Sosholojia umeshasoma miaka mitatu. Unataka kuisoma tena ili iweje?"

"Nipande, mzee."

"Upande wapi? Mimi nikitangaza kazi nataka mtu wa mipango, mtu wa hesabu, mtu wa miradi. Sijawahi kutangaza kazi ya mwanasosholojia. Mwaka ujao nafasi ya msimamizi msaidizi itakuwepo. Ukibaki ni yako. Ukienda, utarudi na cheti kikubwa na utakuta mwenzako amekaa."

Nikisema kweli, sababu zangu zilikuwa ndogo. Nilitaka kwenda kwa sababu nimechoka vumbi, na kwa sababu rafiki zangu wawili wa chuoni walikuwa wameshaanza. Nilipenda pia namna watu wa nyumbani walivyolitamka neno masters, kwa kuvuta. Kuhusu sosholojia yenyewe nilikuwa na mashaka yaleyale ya Bwana Lugembe. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi vya watu wa mbali walioeleza jamii za mbali, nikafaulu mitihani, na nilipofika machimboni sikuona pa kuvitumia. Nilijaza visanduku vya fomu tu. Mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne angeweza kuifanya kazi ile. Basi nikaiweka barua chini ya godoro, nikajiambia nitaamua Mei.

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Swali la kumi na moja liliuliza hivi: shughuli yako kuu ni ipi? Majibu yalikuwa yameshachapwa, yangu ilikuwa kuweka alama tu: mmiliki wa duara, yaani shimo la kuchimbia, mchimbaji, mfanyabiashara, mkulima, hana kazi. Wanaume walijibu haraka. Wanawake wa chini ya mihale nikawauliza mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakanijibu, "Sina kazi, nipo tu." Tabu, mwanamke mfupi mcheshi aliyekuwa rafiki mkubwa wa Mama Kulwa, alinijibu hivyo akiwa na nyundo mkononi na rundo la mawe kati ya miguu yake. Nilimwomba asubiri kidogo kuponda, vipande vilikuwa vinanirukia. Akasubiri. Nikaweka alama kwenye hana kazi, nikamshukuru, nikaenda kwa anayefuata. Leo nikilisimulia jambo hili kwa vijana wangu huwa hawaamini kwamba mtu mwenye macho mawili anaweza kufanya hivyo. Mimi naamini kabisa. Nilikuwa nimefundishwa kutoweka maneno yangu kwenye kinywa cha mhojiwa, na nililishika somo hilo vizuri mno.

Taarifa niliiandika mwezi wa nne, kwenye ile meza fupi, na Bwana Lugembe akaisifu kwa usafi wake. Wiki moja baadaye, alasiri ya mvua, wanawake walikimbilia ukutani kwangu kujikinga. Mvua ilipopungua kelele juu ya bati nikamsikia Tabu akiongea. Kisukuma nilikuwa nimeshaanza kukishika, nusu kwa nusu.

"Yule binti aliniuliza kazi yangu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sina."

"Na nyundo ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Aliniambia nisubiri nisimpige mawe."

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Mwingine akasema, "Sasa ungemwambia nini? Kazi si ya wenye mshahara? Wenzetu wa mgodi mkubwa huko Bulyanhulu ndio wana kazi, wana helmeti na basi la kuwachukua. Sisi tunaponda tu." Ndipo nikasikia sauti ya Mama Kulwa: "Msimcheke. Ameandika alichoambiwa."

Nilikaa kitandani na kalamu mkononi. Kwao yalikuwepo maneno mawili. Lilikuwepo neno milimo, lile la Kisukuma, ambalo ni shughuli zote za mtu, shamba, jiko, ng'ombe na nyundo. Na lilikuwepo neno kazi, ambalo limekuja na Kiswahili cha serikali na cha mgodi, lenye bosi na kitambulisho. Mimi niliwauliza kwa neno la pili, wakanijibu kwa ukweli wote. Wanawake wale walikuwa wanaponda mawe tangu asubuhi mpaka jioni, na kwenye taarifa yangu walikuwa watu waliokaa bure.

Bwana Lugembe alipokuja nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ndivyo alivyokuwa. Kisha akasema taarifa ilishakwenda halmashauri, na kuirudisha sasa ni kusema ofisi haijui inachokifanya. "Ni kosa dogo, Zuhura. Jedwali moja. Na ile barua yako ya mapendekezo ya chuo nimeshaianza, nataka niseme humo kwamba wewe ni mwangalifu." Hakuwa ananitisha. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenitisha. Alikuwa ananipenda kama binti yake na alitaka mambo yaende. Kwa wiki mbili nilikula ugali wa Mama Kulwa nikiwa nimenyamaza, na kila mchana nilifunga dirisha.

Mkutano wa machimbo uliitishwa asubuhi ya Jumatano, mbele ya ofisi ya uongozi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Shija, mmiliki wa maduara matatu, mtu wa sauti kubwa na si mbaya. Alisoma mpango mpya: mashine za kusaga mawe, zile wanazoziita karasha, zingejengwa karibu na bwawa kwa ajili ya maji, na eneo la mihale lingesafishwa. Wanaume wakapiga makofi. Tabu akanyoosha mkono nyuma kabisa.

"Mwenyekiti, na sisi tunaoponda pale tunakwenda wapi?"

Mzee Shija alipekua karatasi, akapata ukurasa, akasoma taratibu: "Taarifa ya wataalamu inasema sehemu kubwa ya wanawake wanaoishi machimboni hawana kazi. Kwa hiyo hakuna shughuli itakayoathirika." Akainua macho. "Hiyo ni taarifa, mama. Sikuitunga mimi."

Sentensi ile ya kwanza niliitunga mimi, nikitafuna michembe ya Mama Kulwa. Niligeuka nikamwona. Hakunitazama kwa hasira. Alitazama chini, kama mtu anayemwonea aibu mtoto wake mbele za watu, na nadhani angenitukana ningebaki nimekaa. Nilisimama.

"Mwenyekiti, naomba kusema. Taarifa hiyo niliiandika mimi. Ina makosa."

Vikasikika vicheko huku na huku. Mzee Shija alivua miwani. "Makosa gani?"

"Nimeandika hawana kazi watu ambao niliwaona kwa macho yangu wanafanya kazi. Niliuliza vibaya."

"Sasa sisi tuamini ipi? Ya karatasi au ya mdomo wako?"

"Nipeni wiki tatu, nitaleta karatasi nyingine."

Alinitazama, akamtazama katibu wake. Nadhani alinipa zile wiki tatu kwa sababu fundi wa karasha alikuwa bado hajafika. Sikujali sababu. Nilirudi chumbani, nikachukua daftari jipya, na kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa chini ya mihale nimeketi juu ya kiroba, na Tabu akaniwekea nyundo mbele.

"Shika," alisema. "Ukikaa bure utatuzuia kuongea."

Siku ya kwanza niliponda kidole. Siku ya tatu viganja vilitoka malengelenge, Mama Kulwa akavipaka samli akisema hivyo ndivyo vinavyoanza. Sikuuliza tena mtu anafanya kazi gani. Niliuliza: jana, tangu ulipoamka, ulifanya nini? Kisha ukafanya nini? Na hicho ulimpa nani? Maswali matatu hayo, na majibu yalikuwa marefu mpaka daftari likajaa. Tabu alinieleza jana yake yote, kuanzia kuteka maji, kuchukua mawe kwenye duara la kijana mmoja wa Ushirombo, kuyachagua kwa rangi, kuyaponda yawe kama kokoto, kuyatwanga yawe unga, kuyapepeta, mpaka kumkabidhi mwenye mawe na kubaki na ndoo yake ya mabaki aliyoyaosha mwenyewe jioni. Nilijifunza kwamba mikono yao iliweza kutambua jiwe lenye mali, yaani dhahabu, kwa uzito kabla mwanaume yeyote hajaliona. Nilikwenda pia kwa wamiliki wa maduara. Mmoja wao, kijana mkali ambaye fomu yangu ya kwanza aliijibu bila kunitazama, safari hii alicheka. "Hao mama wakigoma siku mbili," alisema, "mawe yangu yanalala na vijana wangu wanahamia Buseresere. Karasha inataka mzigo mkubwa. Mzigo mdogo ni wa mkono." Nilimwomba nimnukuu kwa jina lake. Akakubali.

Bwana Lugembe alikuja katikati ya wiki ya pili akanikuta na nyundo. Aliniita pembeni, kwenye kivuli cha gari. "Umenitia aibu halmashauri," alisema. Sikuwahi kumwona amekunja uso vile. "Wamenipigia kuuliza kama nina mfanyakazi anayekanusha ofisi yake hadharani."

"Samahani, mzee. Kwa aibu naomba samahani. Kwa nilichosema siwezi."

"Na chuo? Tarehe yao ni wiki ijayo. Unajua siwezi kusaini mapendekezo ya mtu ninayepigiwa simu juu yake."

"Najua."

"Umeamua?"

"Nimeamua nimalize hii kwanza."

Alitazama viganja vyangu, akaingia kwenye gari. Tarehe ya chuo ilipita siku ya Ijumaa. Ninaikumbuka kwa sababu siku hiyo niliponda mpaka jioni bila kutazama saa, na nilipokwenda kuoga nilitambua kwamba sikuhuzunika kama nilivyotarajia. Ile barua chini ya godoro ilikuwa ya msichana mwingine, aliyetaka kukimbia vumbi. Nafasi yake ikaondoka naye. Nilibaki na swali ambalo sikuwa nalo kabla, na lilikuwa langu mwenyewe.

Kwenye mkutano wa pili nilisoma kurasa nane. Nilisoma jana ya Tabu yote, kuanzia maji mpaka ndoo, bila kuongeza chumvi, na wanaume walinyamaza kwa namna ambayo jedwali haliwezi kuwanyamazisha. Yule kijana mwenye duara alisimama akarudia maneno yake kwa kinywa chake. Mzee Shija aliuliza maswali mengi, mengine ya haki. Mwishoni wakakubaliana: karasha zijengwe karibu na bwawa kama ilivyopangwa, lakini wanawake wapewe eneo lao upande wa kusini, liandikwe kwenye ramani kwa jina la wapondaji, na njia ya maji iachwe wazi. Haukuwa ushindi mkubwa. Mihale ilikatwa. Kivuli walijijengea wenyewe kwa nyasi na nguzo, na maji yakawa mbali zaidi. Tabu hakuridhika, alisema yeye hahami mara mbili, akaenda Buseresere kuuza dagaa na mpaka leo yuko huko. Lakini wapondaji walikuwa kwenye ramani, na miaka baadaye, walipokuja wengine na mipango mingine, ilibidi wawaite mezani.

Na Bwana Lugembe, nimtendee haki. Kurasa zangu nane alizipeleka halmashauri yeye mwenyewe, zikiwa zimechapwa upya, na jina langu hakulifuta. Mkataba wangu ulipoisha nafasi ya msimamizi msaidizi ilipewa mtu wa mipango. Aliniaga kwa mkono na kusema, "Sikubaliani na wewe, lakini ningekuwa na binti ningependa awe mbishi hivyo."

Kwa hiyo mwisho wa mwaka ule sikuwa na chuo wala kazi. Nilikuwa na madaftari matatu. Siku moja mchana nilimwambia Mama Kulwa kwamba nafikiria kuomba chuo tena. Alikuwa anachambua nsansa, akaendelea.

"Ile fomu ya kwanza," aliuliza, "nani aliiandika?"

"Wataalamu, mama. Mjini."

"Wamesoma mpaka wapi?"

"Wengi wana masters. Mmoja ni daktari wa elimu."

"Kwa hiyo wewe ukienda kusoma hiyo masters, utarudi unaandika fomu kama ile."

Hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza swali gumu kuliko lile, na nilikaa nalo siku nyingi. Kama elimu ndiyo iliyotengeneza swali la kumi na moja, nyongeza ya elimu itafaa nini? Nilizunguka nalo mpaka nikaona kitu. Fomu ile iliandikwa kwenye chumba ambacho mtu wa digrii moja haingii, ila kupokea maelekezo na kurudisha makaratasi yaliyojaa. Watu wa chumba kile hawakuwa wabaya. Walikuwa hawajawahi kuketi juu ya kiroba, na hakuna aliyeketi mle aliyeweza kuwaambia. Kama nilitaka swali lile libadilike, sharti niingie chumbani, na mlango wake ulikuwa na jina moja tu juu yake, masters. Nilimweleza Mama Kulwa hivyo, kwa Kisukuma changu kilichopinda. "Basi nenda," alisema. "Lakini usiende kuwa kama wao. Nenda ukawasumbue."

Nilienda, mwaka uliofuata, nikasoma miaka miwili. Je, ilifaa? Kuna semina nilizosinzia. Kuna nadharia nilizoziona ni maneno makubwa ya mambo ambayo Tabu aliyasema vizuri zaidi akiwa anakula. Lakini nilipewa pia muda wa kusoma polepole, na nikagundua kwamba watu wa nchi nyingine walishawahi kuandika hana kazi juu ya wanawake waliochoka kwa kazi, na kwamba wengine walishapigania neno hilo kabla sijazaliwa. Hilo lilinipa nguvu ambayo peke yangu machimboni nisingeipata. Na kweli niliingia kwenye kile chumba. Nimekaa humo miaka mingi sasa, nimebishana juu ya maneno ya fomu zaidi ya ninavyoweza kukumbuka, na mara nyingi nimeshindwa. Kwa anayetaka kwenda kwa sababu ya jina, namwambia asipoteze miaka yake. Kwa mwenye swali linalomkosesha raha, namwambia aende hata kama hakuna kazi iliyotangazwa, mradi ajue swali hilo kalitoa wapi na kwa nani.

Kabla sijapeleka maombi yale ya pili niliwasomea wanawake pendekezo langu la utafiti. Ilikuwa Jumapili alasiri, wametoka kanisani, wameketi uwanjani kwa Mama Kulwa na vikombe vya chai. Niliyageuza maneno ya chuo kuwa Kiswahili cha kawaida, na palipokuwa pagumu Doto, aliyekuwa darasa la sita, akawatafsiria kwa Kisukuma. Walisikiliza kwa makini, wakaitikia, mmoja akasinzia. Nilifika kwenye sentensi niliyoipenda kuliko zote, ile inayosema kwamba wanawake hawa husaidia uchimbaji kwa kuponda mawe. Mama Kulwa akainua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Tunasaidia?" aliuliza. "Tunamsaidia nani?"

Nilitazama karatasi, nikamtazama yeye. Wenzake waliweka vikombe chini.

"Hatusaidii, mwanangu," alisema. "Tunachimba. Wao wanaanza chini, sisi tunamalizia juu. Andika hivyo."

Nilichukua kalamu, nikafuta mstari mzima, nikaandika kama alivyosema, nikawasomea tena tangu mwanzo.